Waya Uliovaa Koti

Mimi ndiye niliyekuwa nakata tiketi.
Elfu tano mtu mzima, elfu mbili mtoto,
na mtoto asiyefikia alama ya mkaa pale mlangoni
hapandi, hata mama yake anune.

Waya wenyewe tuliuita Kipanga.
Ulitoka ukingo wa mashamba ya chai, ukavuka korongo la Kiwira,
ukatua kwenye migomba ya ng'ambo,
na aliyening'inia kwenye kapi alipiga ukelele
ukafika ng'ambo kabla yake.

Bosi aliununua umeshavishwa plastiki ya kijani.
"Koti la mvua," alisema. "Tukuyu hii, nani anatembea bila koti?"
Tukacheka. Kweli, huku mvua haiulizi mwezi.
Inanyesha ukianika, inanyesha ukianua,
na isiponyesha, ukungu unashuka kushika zamu.

Asangalwisye alikuja Machi, katokea Sao Hill,
kwenye winchi za magogo. Mkono wa kushoto, vidole vitatu.
Viwili alivilipa kwa waya, alisema,
kama mtu anayetaja nauli.
Akautazama Kipanga siku nzima bila kuugusa.
Jioni akaniambia:
"Waya ulio uchi nauamini.
Kutu yake naiona, naisugua, naipaka grisi.
Huu uliovaa, nitajuaje unaumwa wapi?"

Nikamjibu, mbona unang'aa.
Akasema hata maiti huvalishwa suti.

Jumapili, bosi yuko Mbeya mjini harusini,
akapanda na wembe mpaka kwenye kibano,
akalichana koti shubiri moja.

Yakatoka maji.
Si mengi, kikombe labda,
mekundu, mazito,
rangi ileile ya chai tunayoichuma bonde hili
na kuipeleka kwa watu wasiotujua.
Chini yake nyuzi kumi na tisa.
Nilihesabu sita nzima.
Zile nyingine zilimeguka kwa ukucha
kama biskuti iliyosahauliwa mfukoni.

Yalipita wapi? Kwenye tundu dogo kuliko punje ya ulezi.
Yakaingia, yakakosa pa kutokea.
Miaka mitatu yamo humo yanakula,
hayana meno, hayana haraka,
na mimi kila asubuhi nalifuta koti kwa kitambaa
ili wageni waone tunajali.

Nikampigia bosi. Nyuma yake ngoma na vigelegele.
"Kesho kuna wanafunzi arobaini na wawili,
wameshalipa. Hicho ni chuma, Tusubilege.
Chuma!"

Basi tukafunga gunia la viazi,
lumbesa ya Uporoto, imefura mpaka kichwani,
uzito wa mwalimu mnene.
Asangalwisye akalisukuma kwa mguu.

Halikufika katikati.
Nilingojea mlio mkubwa. Haukuja.
Ilikuwa kama mtu anasafisha koo,
kisha waya ukarudi kwetu chini chini,
ukifyeka vichwa vya chai mstari mmoja,
na sisi tumelala kifudifudi, midomo imejaa udongo.
Viazi vilidondoka Kiwira kimoja kimoja.
Vijana wa chini waliviokota siku mbili.

Bosi bado ananidai bei ya gunia.

Wanafunzi walifika saa tatu, wameimba njia nzima.
Nikawaambia hatufungui. Wakanizomea.
Mmoja, Gwamaka, hakunizomea.
Alikwenda moja kwa moja kwenye alama ya mkaa,
akaupa ukuta mgongo:
"Dada, tazama! Mwaka jana sikufika!"
Nikatazama. Visigino vilikuwa hewani.

Nikamwambia ndiyo, umefika.
Nikamrudishia elfu mbili yake,
na juu ya noti, alama ya kidole changu,
nyekundu.